Namba 2,147,483,647 ni namba gani, na kwa nini imejaa kwenye daftari letu la wanachama?

Katibu_wa_Akiba ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha kuweka na kukopa, na kwa miaka mingi daftari letu la wanachama lilikuwa la karatasi. Mwaka jana kijana mmoja wa hapa mtaani alitutengenezea programu ya kutunza majina, namba za simu na hisa za kila mwanachama, nasi tukakaa jioni kadhaa tukiingiza taarifa fomu moja baada ya nyingine. Juzi nilipotaka kuwatumia wanachama ujumbe wa kuwaita kwenye mkutano mkuu, nilifungua orodha nikakuta zaidi ya nusu yao wana namba moja ya simu, nayo ni 2147483647. Ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu, kwa mama mwenye duka la vitenge, kwa fundi cherehani, na kwangu mimi mwenyewe.

Mweka hazina wetu alishtuka kuliko mimi. Alikumbuka kwamba namba za Moroko huanza na 212, za Algeria 213, za Tunisia 216 na za Libya 218, akahitimisha kwamba kuna mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyedukua daftari letu na kupachika namba yake ili ujumbe wa fedha uende kwake. Niliangalia orodha ya misimbo ya nchi nikaona kwamba 214 haina nchi, kwa hiyo hofu hiyo ilipungua, lakini fumbo likabaki. Jambo moja nililoligundua ni kwamba wanachama tuliowaandika kwa kuanza na sifuri, yaani 07 na kuendelea, bado wana namba zao ila sifuri ya mwanzo imetoweka. Walioharibika ni wale tuliowaandika kwa kuanza na 255.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la kazi: namba hii imetoka wapi? La pili si la kazi, lakini ndilo linaloninyima usingizi. Nilipoitafuta namba hii niliona imeelezwa kuwa ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Nilisoma hisabati hadi kidato cha nne, nikachukua kikokotoo nikaigawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, nikaenda hivyo hadi 97, na kila mara ilibaki baki. Sasa mtu anapataje hakika kwamba hakuna kigawo kilichojificha huko mbele? Na je, utasa wake una uhusiano wowote na kuwepo kwake kwenye daftari letu?

---

Fundi_Hifadhidata amejibu:

Ndugu Katibu, pole kwa usumbufu, lakini umwambie mweka hazina apumue, kwa sababu hakuna aliyewadukua. Mmekutana na ukingo wa chombo.

Kijana aliyewatengenezea programu aliitangaza safu ya namba za simu kuwa safu ya namba nzima za biti 32. Biti moja ni nafasi ya kuandika 0 au 1, na kompyuta huandika namba zote kwa tarakimu hizo mbili tu. Katika nafasi hizo 32, moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, na zinabaki 31 za kubebea thamani. Nafasi ya kwanza kutoka kulia ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila moja ikiwa mara mbili ya ile iliyotangulia. Ukiwa na nafasi tatu tu na zote ukaziandika 1, unapata 1 + 2 + 4 = 7, ambayo ni pungufu kwa moja tu ya 8. Ukiwa na nafasi 31 na zote ukaziandika 1, unapata pungufu kwa moja ya 2³¹, na hiyo ndiyo 2,147,483,647.

Sasa, namba ya simu inayoanza na 255 ina tarakimu kumi na mbili. Ukiisoma kama namba ya kuhesabia, ni zaidi ya bilioni 255, karibu mara 119 ya kile ambacho safu hiyo inaweza kubeba. Debe la lita 20 ukilimiminia maji ya pipa zima, ndani yake zitabaki lita 20, na ndivyo programu yenu ilivyofanya: ilijaza safu hadi ukingoni na kunyamaza. Programu nyingine zingekataa na kutoa onyo, na hilo ndilo jambo la busara; nyingine huacha hesabu izunguke, na ukiongeza 1 juu ya 2,147,483,647 zinakupa −2,147,483,648. Wale wa 07 walisalimika kwa sababu sifuri ya mwanzo haina uzito katika namba ya kuhesabia, na tarakimu tisa zinazobaki ni chini ya bilioni moja.

Kwa masikitiko, namba zilizopotea haziwezi kurudishwa kutoka kwenye safu hiyo, kwa kuwa maji yaliyomwagika nje ya debe hayakuhifadhiwa popote. Rudini kwenye fomu za karatasi, na mumwambie kijana aibadilishe safu iwe ya maandishi. Namba ya simu ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna siku utakayojumlisha simu ya mwanachama mmoja na ya mwingine. Safu ya biti 64 ingeweza kuzibeba, lakini ingeendelea kula sifuri za mwanzo na alama ya kujumlisha.

Kuhusu utasa, nadhani wahandisi wa kompyuta waliichagua namba hii kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa tasa, ingawa hapo nawaachia wenye hisabati waseme.

---

Mwalimu_wa_Namba amejibu:

Maelezo ya Fundi kuhusu biti ni sahihi kabisa, isipokuwa sentensi yake ya mwisho, ambayo naomba kuisahihisha kwa heshima kwa sababu wengi huiamini. Wahandisi hawakuchagua utasa. Walichagua ukubwa wa chombo, yaani biti 8, 16, 32, 64, na kikomo kikaja chenyewe. Chombo cha biti 8 kinaishia 127, ambayo ni tasa. Cha biti 16 kinaishia 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Cha biti 32 kinaishia namba yetu, ambayo ni tasa. Cha biti 64 kinaishia 9,223,372,036,854,775,807, nayo inagawanyika kwa 7, na ukiigawa inagawanyika kwa 7 tena. Utasa wa namba hii na kuwepo kwake kwenye kompyuta ni mambo mawili yaliyokutana njiani.

Lakini ni makutano yenye sababu ya kimahesabu upande mmoja. Namba za umbo la 2ⁿ − 1 haziwezi kuwa tasa ikiwa n yenyewe inagawanyika: kwa kuwa 15 ni 3 × 5, basi 2¹⁵ − 1 lazima igawanyike kwa 2³ − 1 ambayo ni 7, na kwa 2⁵ − 1 ambayo ni 31, na hao ndio mliowaona hapo juu. Kwa hiyo kikomo cha biti 64, chenye kipeo cha 63, hakikuwa na matumaini tangu mwanzo, na kikomo cha biti 32 kilikuwa nayo kwa sababu 31 ni tasa. Matumaini hata hivyo si hakika, kwani 11 ni tasa lakini 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni 23 × 89.

Mtego huo uliwanasa watu wakubwa. Pietro Cataldi wa Italia, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1603, alithibitisha vyema kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kisha akadai kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya hivyo vinne alipatia kimoja tu, cha 31. Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1640 kwamba kipeo cha 23 kinatoa namba inayogawanyika kwa 47, na cha 37 kinatoa inayogawanyika kwa 223. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha mwaka 1738 kwamba cha 29 kinatoa inayogawanyika kwa 233. Mwaka 1644 Marin Mersenne, padri wa Ufaransa ambaye jina lake ndilo linalobebwa na namba hizi hadi leo, alitoa orodha yake akiijumuisha 31, lakini ndani ya orodha hiyo hiyo mlikuwa na 67 na 257, ambazo zote si sahihi. Kwa hiyo mtu wa wakati ule aliyesikia kwamba 2³¹ − 1 ni tasa alikuwa na haki ya kuuliza swali lako, Ndugu Katibu: una hakika gani?

Hakika ililetwa na Euler huyo huyo, katika barua aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli mwaka 1772, wakati huo akiwa Saint Petersburg na akiwa karibu kipofu kabisa. Nataka nieleze alivyofanya, kwa sababu hoja yake inafuatika kwa elimu ya kidato cha nne, na mimi binafsi sijaona mfano mzuri kuliko huu wa jinsi fikra inavyopunguza kazi ya mikono.

Kwanza, huhitaji kwenda mbali. Namba ikigawanyika, lazima kigawo chake kimoja kisizidi kipeuo chake cha pili, kwa maana vigawo viwili vyote vikizidi hapo, zao lao litaizidi namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha namba yetu kiko kati ya 46,340 na 46,341. Chini ya hapo ziko namba tasa karibu 4,800, na mwenye subira angeweza kuzijaribu zote. Euler hakuzijaribu zote.

Chukulia kwamba ipo namba tasa, tuiite p, inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³¹ ukiigawa kwa p inabaki 1. Sasa andika vipeo vya 2 mfululizo, 2, 4, 8, 16, na kwa kila kimoja uandike baki lake unapogawa kwa p. Mabaki hayo huzunguka kama saa: yakifika 1 yanaanza upya. Urefu wa mzunguko huo lazima uigawe 31, kwa sababu kwenye kipeo cha 31 tumekuta 1. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 1 au wa hatua 31. Wa hatua 1 hauwezekani, kwa kuwa ungemaanisha kwamba 2 yenyewe inabakisha 1. Basi ni wa hatua 31. Hapo ndipo inapoingia kanuni ya Fermat, isemayo kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 daima hubakisha 1 ukigawa kwa p, ikiwa p ni tasa na si 2. Kwa hiyo p − 1 lazima ihesabike kwa mizunguko kamili ya 31, na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa pia. Hitimisho: p ni kigawe cha 62 ukiongeza 1. Ukitaka kuiona kanuni hii ikifanya kazi kwenye namba ndogo, rudi kwenye 2,047 ambayo kipeo chake ni 11: vigawo vyake ni 23, ambayo ni 22 + 1, na 89, ambayo ni 4 × 22 + 1.

Pili, ikiwa 2³¹ inabakisha 1, basi 2³² inabakisha 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa lugha nyingine, katika ulimwengu wa mabaki ya p, namba 2 ni mraba. Na inajulikana kwamba namba tasa za aina hiyo, ukizigawa kwa 8, zinabakisha 1 au 7 tu. Ukiunganisha masharti haya mawili, yanabaki maumbo mawili pekee: 248k + 1 na 248k + 63, ambapo k ni namba nzima.

Hesabu sasa. Kuanzia k = 1 hadi ukingo wa 46,340, kila umbo lina namba 186, jumla 372. (Kwa k = 0 unapata 1 na 63, ambazo si tasa.) Na hata katika hizo 372 nyingi si tasa, kwa mfano 249 ni 3 × 83 na 497 ni 7 × 71, kwa hiyo unaziruka. Kazi ya kugawa maelfu ya mara imekuwa kazi ya siku chache za kalamu na karatasi, na ikiisha bila kupata kigawo, hakuna tena mahali pa kigawo kujificha.

---

Katibu_wa_Akiba amejibu:

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Nimesoma maelezo yako mara tatu, na mara ya tatu nikachukua kalamu.

Sasa naelewa kwa nini kugawa kwangu kwa 3 na 7 na 13 kulikuwa kazi bure: hakuna hata moja kati ya hizo yenye umbo linalotakiwa. Ya kwanza iliyo tasa na yenye umbo hilo ni 311, yaani 248 + 63. Nimeigawa kwa mkono, kisha nikahakiki kwa kikokotoo: 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, kwa hiyo inabaki 35. Inayofuata niliyoipata ni 1,303, nayo imebakisha 226. Nikaenda 1,489, ikabakisha 199. Nilishangaa kuona kwamba kati ya 311 na 1,303 hakuna hata moja ya kujaribu.

Nimehakiki pia ule ukingo. 46,340 mara yenyewe ni 2,147,395,600, na 46,341 mara yenyewe ni 2,147,488,281 ambayo tayari imepita.

Nina swali dogo: je, kuna njia ya kuhakiki bila kugawa mara zote hizo? Naona kwamba kwa namba kubwa zaidi hata hii ya Euler itachosha.

---

Mpenda_Tarakimu amejibu:

Naomba nijibu hilo, Ndugu Katibu, kwa sababu njia ipo na ni nzuri mno. Ilianzishwa na Édouard Lucas wa Ufaransa, ambaye mwaka 1876 aliitumia kuthibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, namba yenye tarakimu 39, ni tasa, na ikaboreshwa na D. H. Lehmer wa Marekani karibu na mwaka 1930. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, kisha ugawe kwa namba unayoichunguza na ubaki na baki tu. Rudia hatua hiyo mara pungufu mbili ya kipeo. Ukiishia na sifuri, namba ni tasa. Ukiishia na kingine chochote, si tasa.

Jaribu na 31, ambayo ni 2⁵ − 1, hatua tatu. Kutoka 4 unapata 14. Kutoka 14 unapata 194, na ukiigawa kwa 31 inabaki 8. Kutoka 8 unapata 62, ambayo ni 31 mara mbili, inabaki 0. Jaribu na 2,047, hatua tisa: 4 inakwenda 14, kisha 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na mwisho 1,736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa, nasi tumelijua hilo bila kuwahi kuona 23 wala 89. Hilo ndilo linalonistaajabisha kila mara, kwamba unaweza kujua kuwa namba inagawanyika bila kujua inagawanyika kwa nini.

Kwa namba yako ni hatua 29. Nne za kwanza ni 14, 194, 37,634 na 1,416,317,954, zote bado ziko chini ya 2,147,483,647. Kuanzia ya tano ndipo kugawa kunaanza, na inakubidi uwe na kikokotoo chenye nafasi ya kutosha, maana mraba wa namba hiyo ya nne una tarakimu kumi na tisa. Mwisho wa hatua ya 29 unakuta sifuri.

Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa. Wayunani wa kale waliita namba *timilifu* ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiondoa yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alithibitisha kwamba kila 2ⁿ − 1 iliyo tasa, ukiizidisha kwa 2ⁿ⁻¹, inatoa namba timilifu, na Euler akathibitisha kwamba zile zilizo shufwa hazina njia nyingine ya kuzaliwa. Namba iliyopachikwa kwenye daftari lenu ndiyo mama wa namba timilifu ya nane, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za kuvutia tu wala hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Lucas na ile 2¹²⁷ − 1 yake alimpita Barlow kwa mbali.

---

Fundi_Hifadhidata amejibu:

Mwalimu, nakubali kusahihishwa, na nashukuru. Nilichanganya mambo mawili, kwa sababu ipo kazi moja ya kompyuta ambamo utasa wa namba hii ulitafutwa kwa makusudi, nayo ni kuzalisha namba za bahati nasibu.

Stephen Park na Keith Miller walipendekeza mwaka 1988 kanuni ambayo programu nyingi zimeitumia: chukua namba uliyonayo, izidishe kwa 16,807, igawe kwa 2,147,483,647, na baki ndilo namba yako inayofuata. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea. 16,807 ni 7⁵, na haikuokotwa. Mwalimu ametueleza kwamba mabaki ya vipeo huzunguka kama saa, na kwamba mzunguko wa 2 kwa p ni wa hatua 31 tu. Kwa namba yetu yenyewe ni hivyo hivyo, 2 inazunguka kwa hatua 31 na kurudi 1, jambo ambalo ni balaa ukitaka bahati nasibu. Lakini 7 inapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, bila kuruka hata moja, kabla ya kurudi mwanzo, na 7⁵ nayo inafanya hivyo. Mzunguko kamili wa namna hiyo, usioacha namba hata moja isipokuwa sifuri, hauwezekani ikiwa namba unayogawia si tasa. Kanuni hii inatosha kupanga zamu za upatu, Ndugu Katibu. Kwa namba za siri za fedha msiitumie, kwa sababu anayeona namba moja anaweza kuihesabu inayofuata.

Naongeza onyo moja la kazi. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, na huhifadhi hesabu hiyo kwenye biti 32. Sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utarudi nyuma hadi Desemba 1901. Mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano unaotolewa sasa unavuka tarehe hiyo, kwa hiyo mkimrudishia kijana programu airekebishe safu ya simu, mwambieni aangalie na safu za tarehe za marejesho.

---

Mwalimu_wa_Namba amejibu:

Marahaba, Ndugu Katibu. Umenifurahisha kwa 35, 226 na 199. Nimezihakiki na zote ni sahihi.

Naongeza kitu kimoja kuhusu kipeo chenyewe. 31 nayo ni 2⁵ − 1. Kwa hiyo namba yako ni tasa ya Mersenne iliyopandishwa juu ya tasa ya Mersenne, na jamaa zake wa aina hiyo wanaojulikana ni wachache sana: 7, ambayo kipeo chake ni 3, 127, ambayo kipeo chake ni 7, hii yako, na ile ya Lucas yenye kipeo cha 127. Mtu anashawishika kudhani kwamba ngazi inaendelea, na kwamba 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, ukitoa 1, itakuwa tasa pia. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na hakuna daftari la kuiandikia, lakini kanuni ile ile niliyokueleza inaibana: kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiwe kigawe cha mara mbili ya 2,147,483,647 ukiongeza 1. Watafutaji walipita kwenye orodha hiyo hatua kwa hatua, na kwenye hatua ya 68,745 walikikuta: 295,257,526,626,031. Unaweza kuhakiki mwenyewe kwa kuzidisha 4,294,967,294 kwa 68,745 na kuongeza 1. Kwa hiyo ngazi inakatika pale, na namba yenye tarakimu milioni mia sita imeangushwa na kigawo chenye tarakimu kumi na tano.

---

Katibu_wa_Akiba amejibu:

Nimezidisha, Mwalimu, na imetoka kama ulivyosema.

Kuhusu daftari: kijana amekuja jana, tumeibadilisha safu kuwa ya maandishi, na leo asubuhi mimi na mweka hazina tumeanza kuingiza upya namba kutoka kwenye fomu, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikiandika. Safu ya tarehe za marejesho nayo ilikuwa ya biti 32, kijana ameahidi kuirekebisha kabla ya mkutano mkuu. Programu sasa inakataa na kutoa onyo taarifa isipotosha mahali pake, badala ya kuikata kimyakimya. Tumeijaribu kwa makusudi mbele yake.

Na kuhusu namba yenyewe, njia ya Lucas nimeielewa, lakini nimeamua kwanza niimalize ile ya Euler kwa mkono, zamu moja au mbili kila usiku baada ya kufunga hesabu. Jana nilifika 5,023, ambayo ni 248 × 20 + 63, ikabakisha 457. Inayofuata kwenye karatasi yangu ni 5,209.